Naomba ushauri: udhamini wa riadha Marekani, dada kapewa wote, kaka nusu

Habari zenu ndugu zangu. Nina mapacha wa kidato cha nne hapa Eldoret, wote wakimbiaji wa mita 5000. Chuo kimoja cha Marekani kimemwahidi binti udhamini kamili. Kaka yake atalipiwa nusu ya karo tu, na kijana ameumia sana.

Nilivyoelewa, sheria ya 1972 iitwayo Title IX inataka pesa za udhamini zilingane na idadi ya wanamichezo wa kila jinsia. Kwa kuwa futiboli ya Kimarekani ilikuwa na nafasi 85 za udhamini za wanaume katika vyuo vikubwa, riadha ya wanaume ilibaki na udhamini kamili 12.6 wa kugawana timu nzima, ya wanawake 18. Sheria siilaumu, imewafungulia mabinti wetu wengi mlango. Ila tangu 2025, vyuo vilivyokubali makubaliano mapya ya mahakama havina tena ukomo huo. Kinachowekewa ukomo sasa ni idadi ya wanamichezo, 45 kwa timu ya riadha.

Mliopeleka watoto huko: tumwombe kocha aongeze, au kijana atafute chuo cha divisheni ya pili, yaani ngazi ya chini ya michezo ya vyuo? Na je, udhamini wa alama za darasani unaweza kujazia hiyo nusu? Kocha anataka jibu mwisho wa mwezi.