Hannawald na Weißflog: Wajerumani wanamzidishia nani?

Wakuu, kila mwisho wa Desemba mashindano ya Vilima Vinne yakianza, yaani yale ya kuruka kwa skii kwenye vilima vinne vya Ujerumani na Austria, Wajerumani hulirudia jina lilelile: mrukaji wao Sven Hannawald. Mimi naona wanamzidishia sifa. Nipingeni kwa hoja, matusi wekeni kando.

Kwa tuliozoea mpira tu: mrukaji anachuchumaa juu ya skii (mbao ndefu za kuteleza kwenye theluji), anateremka kwa kasi ya kama kilomita 90 kwa saa, akifika ukingoni anajifyatua na kulala juu ya hewa, skii zimetanuka kama herufi V. Hupimwa umbali, kisha majaji humpa alama za mtindo na kutua.

Hannawald alishinda vilima vyote vinne, Oberstdorf, Garmisch-Partenkirchen, Innsbruck na Bischofshofen, msimu mmoja, 2001/02. Wa kwanza kufanya hivyo, sibishi. Lakini Kombe la Dunia, linaloenda kwa mwenye pointi nyingi za msimu mzima, hakulibeba hata mara moja. Dhahabu ya Olimpiki anayo moja, ya timu, Salt Lake City 2002, tena Wafini walizidiwa kwa pointi 0.1! Sasa mtazameni Jens Weißflog, mzaliwa wa Erlabrunn kama yeye: dhahabu Sarajevo 1984, mbili Lillehammer 1994, Vilima Vinne mara nne. Na hapo katikati mtindo ukabadilika, skii sambamba zikaachwa, ikabidi bingwa mzima aanze kujifunza kuruka upya. Hannawald alibebwa na runinga. RTL, kituo cha runinga cha Ujerumani, walinunua haki za matangazo, mabinti wakawa wanapiga mayowe vilimani utadhani wako kwenye konseti.

JIBU: Mkuu, kamera hizohizo zilimwonyesha Mjerumani mwenzake Martin Schmitt, mwenye Kombe la Dunia mara mbili na ile helmeti yake ya zambarau ya chokoleti za Milka. Mbona yeye hatajwi kila Desemba? Runinga ilileta watazamaji, haikumrukia mtu. Mashindano yalikuwa yanafanyika mara ya 50, na hakuna aliyewahi kufagia vyote. Mjapani Kazuyoshi Funaki alishinda vitatu vya mwanzo msimu wa 1997/98, cha nne kikamkatalia.

JIBU: Mimi naongeza jambo moja. Watu wanampenda kwa sababu walimwona akiisha. Alikuwa mwembamba hadi unaogopa kumtazama. 2004 akaenda kutibiwa uchovu uliomwangusha mwili na akili, 2005 akastaafu na miaka 30. Wakati huohuo kanuni zikabadilishwa: ukiwa mwepesi mno, unapunguziwa urefu wa skii, ili wembamba usiwe faida.

MWENYE MADA: Ya Funaki naipokea, imenikaa. Ya ugonjwa hapana; kumhurumia mtu na kumwita mkubwa ni vitu viwili. Tena Mpolandi Kamil Stoch na Mjapani Ryoyu Kobayashi nao wameshafagia vyote vinne, kwa hiyo si peke yake tena. Niulize hivi: tangu 2002 hakuna Mjerumani aliyetwaa Vilima Vinne. Karl Geiger au Andreas Wellinger wangetwaa japo mara moja, bado Hannawald angetajwa hivi?