Mbuzi wamepona homa lakini hawali, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nafuga mbuzi hapa Nachingwea. Wiki tatu zilizopita wanne waliugua homa, mtaalamu wa mifugo akawachoma oksitetrasaiklini (dawa ya kuua bakteria), homa ikaisha. Wawili mpaka leo wananusa chakula na kuondoka, mgongo umebaki mifupa. Nimewapa dawa ya minyoo, chumvi ya kulamba, hata majani ya mbaazi ambayo zamani waliyagombania!

Nimesoma kwamba mwili ukipigana na maradhi hukata hamu ya kula, kotisoli (homoni ya msongo) hupanda, na homoni ya ukuaji hukosa nguvu kwenye ini. Sawa, lakini hawa si wamepona?

Je, homoni hizo huchelewa kutulia, au ugonjwa bado umejificha? Na sindano ya vitamini B itasaidia, au nipime damu kwanza?