Msaada wakuu: programu gani nzuri ya kupangia picha nyingi za harusi?

Kijana wa Kihonda
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mpiga picha hapa Morogoro, napiga harusi, sendoff, vipaimara, mahafali, sasa picha zimenizidi na kompyuta yenyewe ni SSD ya GB 256 inajaa kila wiki. Natumia Lightroom ila siku hizi picha nyingine zina alama ya mshangao na zinagoma kutoka. Naombeni programu isiyosumbua, na kama kuna AI nzuri ya kukuza picha ndogo nielekezeni. Usiku silali wakuu.

Fundi Saa Sita
Hamia digiKam, ni ya bure. Panga folda kwa mwaka, mwezi, tarehe halafu shughuli. Utanishukuru.

Mama Wawili
Mmenitonesha kidonda. Picha za uchanga wa mwanangu wa kwanza zote zilikuwa kwenye simu, nikaibiwa kwenye daladala Kariakoo, mtoto ana miaka 9 sasa hana hata moja. Printini jamani.

Selo ya Chini
Mkuu unakuza picha ndogo wakati kubwa unazo? Huo mshangao maana yake Lightroom haizioni picha zenyewe. Ulihamisha folda au ulifuta?

Kijana wa Kihonda
Nilifuta. Ilikuwa inakula GB 40, na picha zote nilikuwa naziona ndani ya Lightroom nikajua zimeshaingia humo. Ila mteja nilimtumia sampo 30 WhatsApp, ndizo nakuza nimpe albamu, nimeshamaliza 6 na kwa kweli sio mbaya.

Selo ya Chini
Lightroom haibebi picha dogo. Katalogi inaandika tu picha iko wapi na umeirekebisha nini. Kadi ya kamera iko wapi?

Babu Ngoma
AI inamchorea mtu pua, unampa bibi harusi sura ya mgeni. Huo ni uongo kijana. Rudisha hela uombe radhi.

Kijana wa Kihonda
Hela sio tatizo mzee wangu. Baba wa bibi harusi amefariki wiki iliyopita. Familia inataka picha yake na binti yake kwa ajili ya arobaini, nimewaambia bado naziediti. Siwezi kuwaambia ukweli sasa hivi, wako msibani.

Tonge Nyama
CHAI. Tumeanza na programu ya kupanga picha, tumefika msibani. Kesho itakuja namba ya rambirambi. Akaunti yenyewe ya juzi.

Pwagu
Leteni na vitumbua 😂

Kijana wa Kihonda
Mkuu sijaomba hata mia. Yule mzee nilimpiga saa 11 jioni nje ya ukumbi, amepiga magoti na suti yake anamfunga binti yake kamba ya kiatu. Nilipiga 3. Ile ya WhatsApp kazibwa nusu uso na MC, na ndiyo ninayoikuza. Kadi niliifomati nikapigia kipaimara Jumamosi.

Selo ya Chini
Jamani mwacheni kwanza. Kufomati kwenye kamera mara nyingi kunafuta orodha tu, picha inapotea ikiandikiwa juu yake. Kadi ya GB ngapi, na kipaimara kimekula ngapi? Usipige tena hata moja. Shusha PhotoRec, programu ya bure ya kufufua picha zilizofutwa, zitakazotoka weka kwenye diski nyingine. Kwenye SSD ya kompyuta ulikofuta folda usitegemee. Halafu cheki folda ya katalogi kama kuna faili la Smart Previews, yaani nakala ndogo za picha ambazo Lightroom inaweza kutunza, zile zina pikseli 2560 upande mrefu, inchi 8 inaprintika safi.

Kijana wa Kihonda
Smart Previews hakuna. Kadi ni ya 64, kipaimara 18. Ila kesho nina sendoff, kadi ninayo hiyo moja na advansi nimeshaila, nilikuwa nafikiri nipige chache tu.

Selo ya Chini
Hata moja! Kamera kwa kawaida inajaza kuanzia mwanzo, kwa hiyo zilizoliwa ni za asubuhi, za saluni. Za saa 11 jioni ziko nyuma, na hiyo sendoff ndiyo itazifikia.

Tonge Nyama
Nipo Msamvu, nina kadi ya 32 imekaa tu. Njoo PM, asubuhi uje uichukue. Kama ni chai nitaijua nikikuona.

Kijana wa Kihonda
Asante mkuu, nimekuja PM. PhotoRec iko asilimia 31, majina yote yamepotea nafungua moja moja. Zilikuwa zinatoka za kipaimara tu. Sasa hivi imetoka ya ukumbini, maua ya mezani.