Familia ya Kibosho: safari ya akina Happy

Happy (Toronto): Shikamooni wakubwa. Tumekubaliana, tunakuja Julai wote wanne: mimi, Daniel, Nuru na Baraka. Mpango ni Kilimanjaro kwa njia ya Machame siku saba, tunashuka Jumapili, Jumatatu tunaruka, Jumanne asubuhi tunaingia msitu wa Bwindi, Uganda, kuona gorila. Nimeona wanauza hivyo hivyo mtandaoni. Mnaonaje?

Baba Mdogo Anaeli: Marahaba mama. Ugeuze. Gorila kwanza, mlima baadaye.

Happy (Toronto): Mbona hivyo baba mdogo? Mimi nilidhani mlima ndio kazi, gorila ni kutembea tu.

Shemeji Innocent (Kisoro): Kutembea tu 😂 Karibu Rushaga, huku kwetu Bwindi, shemeji.

Baba Mdogo Anaeli: Tatizo la kwanza ni kikohozi. Usiku wa kilele mnatoka kambi ya Barafu kama saa sita usiku, mnapanda kwa muda wa saa sita au saba mnahema kwa mdomo, hewa kavu na baridi inayogandisha maji kwenye chupa. Mkishuka kutoka Stella Point, ukingoni mwa kilele, mnateleza kwenye changarawe, vumbi lote linaingia kooni. Koo linachubuka. Ukifika geti la Mweka unakohoa kikohozi kikavu, na kinaweza kukaa siku kadhaa au wiki nzima. Huumwi, lakini unakohoa.

Shemeji Innocent (Kisoro): Na mimi hapo ndipo ninapowaona. Asubuhi kabla ya kuingia msituni wageni wote wanakusanywa, wanapewa maelezo, wanaangaliwa afya. Anayekohoa, mwenye mafua, mwenye homa au anayeharisha haendi. Mlinzi hana kipimo cha kutenganisha kikohozi cha vumbi na kikohozi cha kirusi, na hata angekuwa nacho asingebahatisha. Usitegemee kurudishiwa hela yote.

Mama Glory: Ni ukali wa bure au kuna sababu? Barakoa si wanavaa?

Shemeji Innocent (Kisoro): Wanavaa, na wanakaa mita 10. Bado haitoshi, mama. Gorila anaambukizwa magonjwa yetu ya kifua na hana kinga nayo. Mwaka 2009 upande wa Rwanda familia ya Hirwa iliingiwa na kirusi cha kifua kilichotoka kwa binadamu. Karibu familia nzima iliugua, wakafa wawili, jike mmoja na kichanga. Sensa zilizotoka 2018 na 2019 ukizijumlisha, Virunga na Bwindi, gorila wa milimani walikuwa 1,063 dunia nzima. Wakiugua familia mbili tatu kwa mpigo hiyo ni hasara kubwa.

Baba Mdogo Anaeli: Jambo la pili magoti. Siku ya kilele unatoka 5,895 unalala Mweka Camp, kama 3,100. Hiyo ni karibu mita 2,800 za kushuka kwa siku moja, tena baada ya kupanda usiku kucha. Kesho yake unashuka nyingine zaidi ya 1,400 kwenye ngazi na matope. Misuli ya mapaja inakufa siku ya pili na ya tatu, ndiyo hiyo Jumanne yako.

Shemeji Innocent (Kisoro): Na Rushaga hakuna njia tambarare. Unafuata njia mpaka inapoishia, halafu wafuata nyayo walioingia alfajiri wanamwambia kiongozi kwa redio familia iko wapi, mnakata msitu kwa panga. Mteremko, mizizi, majani yamejaa maji. Inaweza kuwa saa moja, inaweza kuwa saa sita. Mwenye mapaja yaliyokufa anashuka kwa makalio.

Dada Glory (Moshi): Jambo la tatu ni langu, mimi ndiye nakata tiketi. Kibali cha gorila kina tarehe moja. Ndege ikichelewa au ukishindwa kushuka mlimani kwa wakati, kimekwenda. Mlima naweza kuusogeza siku moja nikiongea na ofisi mapema. Kwa hiyo kitu kisichosogea kinawekwa mwanzo, na kabla yake siku moja tupu.

Happy (Toronto): Sawa nimeelewa. Ila tukiumia msituni mlima si umekwenda?

Baba Mdogo Anaeli: Swali zuri. Ndiyo, kifundo kikiteguka Bwindi Machame imekwisha. Ndiyo maana utachukua fimbo na mpagazi, na tutaweka siku mbili Moshi katikati. Hatari ya kikohozi baada ya mlima ni kubwa kuliko ya kuteguka kabla yake. Mimi ningecheza hivyo.

Happy (Toronto): Basi Glory, nunua vibali vinne.

Dada Glory (Moshi): Baraka ana miaka mingapi?

Happy (Toronto): 13. Julai atakuwa hajafika 14.

Dada Glory (Moshi): Basi ni vitatu. Umri wa chini kwa gorila ni miaka 15, na wanaangalia pasipoti, si urefu. Kilimanjaro miaka 10 inatosha kufika kilele cha Uhuru, ndiyo maana wazazi wengi wanajisahau wanafikiri sheria ni moja.

Happy (Toronto): Atalia huyo.

Rehema (Kisoro): Atabaki na mimi. Asubuhi tunampeleka ziwa Mutanda na mtumbwi, mchana mnamkuta nyumbani. Msimpe pole nyingi, atajiona amenyimwa.

Dada Glory (Moshi): Bei. Pasipoti yako ni ya Kanada kwa hiyo unalipa kama mgeni: dola 800 kwa mtu, ndiyo bei ya Uganda tangu Julai 2024. Vitatu ni 2,400. Rwanda ni 1,500 kwa mtu tangu 2017, ndiyo maana tunavuka mpaka. Anayeingia kama raia wa Afrika Mashariki kwa Uganda ni shilingi 300,000 za Uganda. Baba mdogo hapo unaweza kwenda bila kuuza ng'ombe.

Baba Mdogo Anaeli: Julai niko kazini mlimani. Niachieni wagumu wangu, wapagazi.

Shemeji Innocent (Kisoro): Glory, kwenye kibali hakikisha eneo limeandikwa RUSHAGA. Bwindi ina sehemu nne: Buhoma, Ruhija, Nkuringo na Rushaga. Kibali cha Buhoma hakikusaidii ukilala Kisoro, ni saa nyingi za gari kwa barabara ya milima, utafika watu wameshaingia. Mwaka hauishi hatujapata mgeni amelala upande mmoja na kibali chake kiko upande mwingine. Wanaangalia tu neno Bwindi.

Dada Glory (Moshi): Nimeandika. Kundi ni watu wanane kwa familia moja kwa siku, na mkishawafikia mna saa moja tu. Rushaga kuna pia kibali cha kukaa muda wa saa nne na familia ambayo bado inazoeshwa watu, lakini ni ghali na ni watu wachache zaidi. Kwa Nuru saa moja inatosha. Julai na Agosti ndio msimu, vibali vinakwisha miezi kabla. Nataka nakala za pasipoti wiki hii.

Happy (Toronto): Njia? Toronto mpaka Entebbe?

Shemeji Innocent (Kisoro): Njooni Kigali. Entebbe mpaka huku ni siku nzima kwa gari, au ndege ndogo yenye mzigo wa kilo 15 kwa mtu, na ninyi mna mabegi ya mlima. Kigali mpaka mpakani Cyanika mnapitia Musanze, lami nzuri, kama saa tatu. Gari la Rwanda liwaache hapo. Mnagonga mihuri pande zote mbili, mnavuka kwa miguu, dereva wangu anawasubiri upande wa Uganda. Gari kuvuka lina makaratasi yake na bima ya COMESA, na Rwanda wanaendesha kulia sisi kushoto, sioni faida. Hapo Cyanika Kiswahili kinafanya kazi kuliko Kiingereza, kiongee.

Shemeji Innocent (Kisoro): Halafu SAA. Rwanda iko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Kigali ikiwa saa moja asubuhi, kwetu ni saa mbili. Kuna simu hazibadiliki zenyewe, na karibu na mpaka zinashika mnara wa ng'ambo usiku zinarudi nyuma. Mnalala Kisoro, mnaweka kengele ya saa kumi na moja alfajiri, inalia saa kumi na mbili. Mnatakiwa Rushaga saa moja na nusu na njiani ni zaidi ya saa moja. Zima kujibadilisha saa kwenye simu zote.

Daniel: Hii ya saa nimeiandika ukutani.

Dada Glory (Moshi): Viza. Ile ya pamoja ya Afrika Mashariki, dola 100, siku 90, inafunika Rwanda, Uganda na Kenya. TANZANIA HAIMO. Kila mwaka kuna mtu anatua KIA, uwanja wa Kilimanjaro, akidhani imo. Tanzania ombeni mtandaoni mapema. Na kwa sababu sasa mnakuja kwetu mkitokea Uganda, kadi ya homa ya manjano mtaulizwa. Uganda nayo inaitaka. Chanjo inahesabika kuanzia siku ya kumi, msiende kuchoma siku mbili kabla ya ndege. Kadi ya zamani bado halali, siku hizi ni ya maisha.

Shangazi Ndeanka: Shikamooni... nani mkubwa hapa 😄 Nimesoma yote. Happy mwanangu, mna mzio wa dawa za salfa?

Happy (Toronto): Shikamoo shangazi. Nuru aliwahi kuvimba kwa Septrini.

Shangazi Ndeanka: Marahaba. Basi Nuru asianze Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, bila daktari wake wa huko kumwona kwanza, na amwambie hilo la Septrini. Wengine kwa kawaida ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, mkaijaribu nyumbani kabla ya safari. Vidole vitawasha kama ganzi na mtakojoa sana, hiyo si shida. Ya Baraka ipimwe na daktari kwa uzito wake.

Shangazi Ndeanka: Na kikohozi alichosema Anaeli kisiwapumbaze mkiwa juu. Kikavu, mtu anatembea vizuri, anakula: ni koo. Lakini mtu akihema juu juu AKIWA AMEKAA, kifua kinakoroma, anatema povu lenye rangi ya damu, hayo ni maji kwenye mapafu. Akiyumba kama mlevi au kuongea yasiyoeleweka, ni ubongo. Hapo hakuna kusubiri kupambazuke. Anashushwa usiku huo huo.

Baba Mdogo Anaeli: Sahihi kabisa dada. Asubuhi na jioni tunapima oksijeni kwa kile kipimo cha kidoleni, lakini namba peke yake hainitoshi. Namwangalia anavyokula na anavyofunga kamba za viatu. Mtoto hasemi anaumwa, ananyamaza tu, kwa hiyo Baraka atatembea mbele na msaidizi wangu.

Baba Mdogo Anaeli: Ratiba: Machame Camp 2,835, Shira kama 3,840, siku ya tatu mnapanda Lava Tower kama 4,600 mnakula mchana hapo halafu mnashuka kulala Barranco kama 3,960. Siku hiyo ndiyo dawa yenyewe, kichwa kitauma Lava Tower na kitapoa Barranco. Kisichopoa nataka kuambiwa. Kisha Karanga, Barafu, kilele, Mweka. Wanaouza Machame ya siku sita wanaifuta Karanga, mnafika Barafu mmechoka na usiku huo huo mnaamshwa. Usiikate Karanga ili uokoe siku moja.

Happy (Toronto): Hatukati. Mizigo?

Baba Mdogo Anaeli: Begi la kubebwa na mpagazi kilo 15 mwisho. Getini wanapima, mpagazi haruhusiwi kupita 20. Ukizidisha tunaongeza mpagazi, na unamlipa. Usiku wa kilele shingo na mdomo vifunikwe kwa kitambaa chepesi, uhemee humo, vumbi na baridi vinapungua. Chupa ya maji mgeuze kichwa chini, barafu inaanzia juu ya maji, mdomo wa chupa hautaziba. Betri za tochi zikae mfukoni mwilini.

Shemeji Innocent (Kisoro): Kwa Rushaga: suruali ndefu ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, glavu za bustanini kwa majani yanayowasha, koti la mvua hata jua likiwaka, barakoa mbili kila mtu kwa sababu moja italowa jasho. Mpagazi wa pale pale kijijini, kama dola 20, mchukueni hata begi likiwa dogo, mkono wake ndio mnaohitaji. Mwangaza wa kamera uzimwe kabla hamjafika. Dume likija mbio msikimbie, chuchumaeni, mfuate kiongozi.

Rehema (Kisoro): Na mifuko ya plastiki iacheni huko. Rwanda wanaichukua uwanja wa ndege, Tanzania nako vile vile. Nguo mfungie kwenye mifuko ya kitambaa.

Happy (Toronto): Glory, nakala za pasipoti zinakuja usiku huu. Ya Daniel inakwisha Novemba, ni sawa?

Dada Glory (Moshi): Si sawa. Wanataka miezi sita mbele ya siku mnayoingia. Aibadilishe KWANZA, kibali kinaandikwa namba ya pasipoti. Nitashika tarehe kwa ninyi wawili leo, chake nakisubiri namba mpya. Daniel, kaombe kesho.

Daniel: Kesho asubuhi.