Tupeane uzoefu: ulianza kunenepa lini, na maisha yako yalikuwa yamebadilika nini?

Binti Feri: Wakuu, leo fundi kakataa kunipanulia gauni, eti kitambaa cha pembeni kimeisha. Enzi za kutembeza samaki nilikuwa kimbaumbau, beseni kichwani toka Feri mpaka Ilala kwa mguu. Sasa mimi ni wakala wa pesa. Kibanda nafungua asubuhi, nafunga usiku, hata chooni naogopa kwenda maana mteja anahamia kwa wakala wa mbele. Chakula naletewa hapohapo. Kipato kimepanda na mwili nao umepanda. Wenzangu ilikuwaje?

Mtoto wa Tandika: Chips zege. Sina la kuongeza.

Mlalahoi wa Chanika: Foleni. Natoka giza narudi giza. Nikishuka kwenye daladala saa tatu usiku, nianze kuchemsha maharage ya gesi gani? Muuza chips yuko palepale kituoni, mafuta yanachemka. Na ule mwendo wa kituoni mpaka nyumbani siku hizi ni bodaboda, maana vibaka hawana dogo.

Kamanda Mstaafu: Visingizio! Sisi tulikula ugali tukashika jembe. Vijana ni wavivu. Amkeni saa kumi na moja mkimbie.

Mlalahoi wa Chanika: Shikamoo mzee. Saa kumi na moja niko kituoni nagombea siti.

Nesi wa Zamu: Mzee wangu, dunia nzima haiwezi kuamka wavivu kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 mtu mmoja kati ya wanane alikuwa na unene uliokithiri, jumla wanapita bilioni moja, na kwa watu wazima kiwango kimezidi mara mbili tangu 1990. Kazi zimekuwa za kukaa, mafuta na sukari vimejaa kila kona. Soda ya kawaida ina kama gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100, na watu wanashushia chapati. Ukitaka kujipima, chukua kilo zako ugawanye kwa urefu wako wa mita, jibu uligawanye tena kwa urefu huohuo. Ukipata 25 umezidi uzito, 30 ndiyo unene wenyewe.

Mtoto wa Tandika: Nimepata 31. Kikokotoo cha simu kibovu.

Msukuma Boksi, Houston: Huku Marekani watu wazima wanne kati ya kumi wako hivyo. Nafanya kazi ghalani usiku, mtaa wangu hauna hata njia ya miguu, bila gari huendi popote. Baga inashibisha kwa bei ya matunda kiduchu. Na wanaonenepa si matajiri, ni sisi wa zamu mbilimbili.

Kamanda Mstaafu: Rudi nyumbani ulime.

Baba Kitambi: Naomba niseme langu, ni refu. Nilivuka kilo mia na kitambi kilinipa heshima. Harusini napelekwa meza ya mbele, mama mkwe anajisifu binti yake kaolewa. Daktari akapima presha, akasema punguza. Nikaacha bia na soda, nikawa natembea jioni. Nikapungua kweli, mashati yananing'inia.

Hapo ndipo balaa. Mtaani wakaanza kunong'ona, jamaa ana ngoma, yaani UKIMWI. Tuliokuwa watu wazima miaka ya tisini tunajua, mtu akikonda tulianza kuulizana atazikwa wapi. Aliyenikopesha akaja kudai kabla ya tarehe. Mama mkwe akapanda basi toka Kilosa, salamu hakunipa, akamwambia mwanawe afungashe. Nikamwonyesha mke wangu majibu ya vipimo, hana wala sina. Akasema vyeti vinanunuliwa. Kikao cha ukoo, mjomba ananiuliza mbele ya wanangu "umeipata wapi?" Wakaondoka na watoto.

Mimi nikabaki na kiti moto na bia. Kilo zikarudi zote. Tukakutana msibani, mama mkwe kanitazama tumbo, akainua mikono: "Mungu mkubwa, baba kapona!"

Mama Wawili: Jamani! Mke karudi?

Kijana wa Gongo la Mboto: Huyo mke usimpokee.

Mama Wawili: Wewe umeoa?

Nesi wa Zamu: Hili nakutana nalo kliniki kila mara. Mama anakataa kupungua, "mawifi watasema mume hanilishi".

Mtoto wa Tandika: Dawa ni ndimu na maji moto asubuhi, mafuta yanayeyuka.

Nesi wa Zamu: Hayayeyuki.

Kijana wa Gongo la Mboto: Kula mlo mmoja. Au oa asiyejua kupika.

Mchumi wa Kijiweni: Serikali ipandishe kodi ya soda. Meksiko mwaka 2014 waliweka peso moja kwa lita, watu wakapunguza kununua. Afrika Kusini wakafuata 2018.

Mlalahoi wa Chanika: Kodi tena! Shusha kwanza bei ya matunda na jenga njia za miguu. Soda ndiyo anasa pekee iliyobaki kwa maskini.

Mama Wawili: Baba Kitambi usitukimbie. Karudi au hajarudi?

Baba Kitambi: Karudi. Presha nayo imerudi. Jumatatu naanza tena kutembea, ila safari hii usiku, majirani wasinione.

Mlalahoi wa Chanika: Usipite Chanika.