Upasuaji wa neva iliyobanwa kiunoni: kinatolewa nini, na kwa nini ganzi hubaki?

Pingili5
Wakuu salaam. Tuchukue mgonjwa wa namna hii: picha ya MRI inaonyesha diski (mto ulio kati ya pingili) kati ya L5, pingili ya mwisho ya kiuno, na S1, ya kwanza ya mfupa wa sakramu chini yake, imechomoza upande wa kushoto na kuigandamiza neva ya S1. Maumivu yanaanzia takoni, yanashuka nyuma ya paja na kigimbi hadi ukingo wa nje wa unyayo. Wiki 10 za dawa na fiziotherapia hazijaleta nafuu, na sasa kusimamia vidole vya mguu wa kushoto ni shida. Amepangiwa maikrodisektomi, yaani upasuaji wa diski kwa mkato mdogo na hadubini. Je, diski hutolewa yote? Na kwa nini wengi husema maumivu ya mguu yaliisha ila ganzi haikuondoka?

Kisu_na_Uzi
Haitolewi yote. Diski ina ukuta mgumu wa nyuzi kwa nje na kiini laini katikati. Ukuta ukipasuka, kipande cha kiini hupenya kwenye ufa na kuilalia neva. Kinachotolewa ni hicho kipande, pamoja na vijisehemu vilivyolegea karibu na ufa. Kukwangua diski nzima hupunguza uwezekano wa tatizo kurudi, lakini huongeza maumivu ya kiuno baadaye, kwa hiyo wengi hawafanyi hivyo.

Mgonjwa huchomwa nusu kaputi, kisha hulazwa kifudifudi juu ya fremu inayoacha tumbo likining'inia. Si kwa ajili ya starehe. Tumbo likibanwa, damu hurudi kwenye vena zilizozunguka mfuko wa neva (utando unaozibeba neva ndani ya uti wa mgongo), zinavimba, na daktari anafanya kazi ndani ya dimbwi la damu. Antibiotiki hupewa ndani ya dakika 60 kabla ya ngozi kukatwa.

Eksirei hupigwa kabla ya kukata na tena mfupa ukishafikiwa, chombo kikiwa pale pale kwenye pingili. Msidharau hatua hii. Kuna watu wenye pingili 6 za kiuno badala ya 5, na wengine ya tano imeungana na mfupa wa sakramu. Ukihesabu kwa kupapasa tu, unafungua nafasi ya pingili isiyo yenyewe.

Mkato ni kama sentimita 3. Misuli husogezwa upande mmoja tu, kisha hadubini huletwa. Pale L5-S1 nafasi kati ya mifupa ni pana, hivyo mfupa unaosagwa ni kidogo, wakati mwingine ukingo tu. Kano ya njano hufunguliwa, na chini yake unaona mfuko wa neva na mzizi wa S1. Mzizi uliobanwa mara nyingi huwa umetandazwa kama utepe, mwekundu, umekaza. Hapo ndipo pa kuwa na subira: ukiuvuta kwa nguvu kuelekea katikati ili uone diski, unaujeruhi wewe mwenyewe. Afadhali kusaga mfupa kidogo zaidi upande wa nje kwanza. Kipande kikitoka, mzizi hulegea, unasogea ukiguswa kwa ndoana butu, na mara nyingi unaanza kudunda pamoja na mfuko. Shughuli nzima ni kama saa moja.

neva_polepole
Nijibu la ganzi. Upasuaji unaondoa mgandamizo, hauponyi neva. Maumivu huisha haraka, wengine siku hiyo hiyo, kwa sababu yanatokana na kubanwa pamoja na uvimbe unaochochewa na kemikali za kiini cha diski. Nguvu hurudi kwa wiki hadi miezi. Ganzi huwa ya mwisho, na isipoondoka yote si lazima kuna kilichoharibiwa mezani.

Kama ni ala tu (kifuniko cha nyuzi za neva) iliyoumia, inajijenga upya ndani ya wiki kadhaa. Kama nyuzi zenyewe zimekufa, huota kwa takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka kiunoni hadi kwenye kigimbi ni zaidi ya sentimita 70. Pigeni hesabu: ni karibu miaka 2, na misuli iliyokaa muda huo bila neva hukonda. Ndiyo maana udhaifu unaoongezeka hausubirishwi kama maumivu matupu yanavyosubirishwa.

Kupima neva ya S1 ni rahisi: ainuke kwa vidole vya mguu mmoja mara 10 mfululizo. Kwa neva ya L5, atembee kwa visigino. Andika idadi kabla ya upasuaji, la sivyo baadaye mtabishana kama kuna nafuu.

Wodi7
Yanayoharibika: utando wa mfuko wa neva unaweza kutoboka, maji yasiyo na rangi yanayozunguka neva yakachuruzika. Hushonwa kwa uzi mwembamba au kuzibwa kwa kiraka, na mgonjwa anaweza kulazwa chali bila kuinuliwa kwa siku moja hivi. Dalili ya kwamba tundu bado linavuja ni kichwa kinachogonga akikaa na kutulia akilala.

La kutisha zaidi ni damu kujikusanya ndani. Maumivu makali yanayoongezeka saa chache baada ya kutoka chumba cha upasuaji, na mguu uliokuwa na nguvu ukaanza kulegea: usiongeze dawa ya maumivu ukaondoka, ita daktari. Vivyo hivyo mkojo ukigoma kutoka au ganzi ikitanda sehemu za siri na sehemu ya makalio inayogusa tandiko mtu akikaa, hata kwa ambaye bado hajapasuliwa. Hiyo ni dharura ya saa, si ya kliniki ya wiki ijayo.

Maambukizi ya diski huja kimyakimya: wiki 2 hadi 4 baadaye, kidonda kimefunga vizuri, lakini kiuno kinauma kuliko mwanzo hata kugeuka kitandani. Wapime CRP (kipimo cha damu cha uvimbe mwilini) na warudie MRI.

Kisu_na_Uzi
Nyongeza: anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema. Warfarini kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla, lakini kwa idhini ya aliyeiandika. Na kama kinachomsumbua zaidi ni kiuno kuliko mguu, upasuaji huu haukutengenezwa kwa ajili yake.

Pingili5
Shukrani wakuu. Siku ya kwanza anainukaje?

Wodi7
Akunje magoti, ageuke ubavu mabega na nyonga zikienda pamoja kama gogo, ashushe miguu huku akijisukuma kwa kiwiko. Asivutwe mikono. Atembee siku hiyo hiyo, mara nyingi ila kwa muda mfupi. Kukaa asizidishe dakika 20 hadi 30 kwa mkupuo wiki za mwanzo. Kuinama na kujipinda huku amebeba kitu, asubiri wiki 6.