Je, Watanzania tumewahi kuwa na msimamo mmoja kuhusu vita?

Mwalimu wa Historia

Ndugu wanajukwaa, kila Siku ya Mashujaa inapofika, hotuba zetu hutaja Maji Maji na Vita vya Kagera kwa mfululizo mmoja, kana kwamba taifa hili limekuwa na moyo mmoja tangu mwaka 1905. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wameniuliza swali ambalo kitabu cha kiada hakilijibu. Ikiwa wazee wetu walipigana na Wajerumani, kwa nini TANU ilidai uhuru bila silaha, kisha serikali ya Mwalimu Nyerere ikawapa wapigania uhuru kambi, na mwaka 1979 ikapeleka jeshi hadi Kampala? Naomba maelezo, hasa kuhusu waliokuwa na shaka.

Mjukuu wa Umatumbi

Mwalimu, hata Maji Maji yenyewe haikuwa ya moyo mmoja. Iliwaka Julai 1905 kule Nandete, watu walipong'oa miche ya pamba katika shamba walilolimishwa kwa viboko, na Agosti mganga Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa, alikuwa amekwisha kunyongwa. Wangoni waliingia vitani, lakini Wahehe, waliopambana na Wajerumani tangu mapigano ya Lugalo mwaka 1891 hadi kifo cha mtawala wao Mkwawa mwaka 1898, hawakujiunga, na baadhi yao waliwasaidia watawala. Sidhani kuwa ilikuwa woga, kwa maana walikwisha kuonja gharama ya vita. Kisha Wajerumani walichoma maghala na mazao, na njaa ikaua kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa huanzia 75,000 hadi 300,000. Ndiyo maana TANU ilipofika kusini miaka ya 1950, ilibidi kwanza iwahakikishie wazee kwamba haikuja kuwaita vitani tena.

Msomaji wa Dodoma

Nakubaliana na ndugu yangu wa Umatumbi, ila naongeza kwamba TANU haikuhubiri kuwa kila vita ni dhambi. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, hivyo Mwalimu Nyerere aliweza kwenda New York mwaka 1955 na kusikilizwa. Wananchi wa Msumbiji hawakuwa na mlango huo, kwa kuwa Ureno iliihesabu nchi yao kuwa mkoa wake wa ng'ambo. FRELIMO, chama chao cha ukombozi, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na baadaye wapiganaji wake wakapata mafunzo katika kambi za Kongwa na Nachingwea. Waliolipa gharama ya uamuzi huo zaidi ya wengine ni wanavijiji wa kando ya Ruvuma, ambao Wareno waliwashambulia, na huwa nasikitika kwamba hotuba hazifiki kwao. Tusisahau pia kwamba Januari 1964 askari wetu wenyewe waliasi, serikali ikalazimika kuita majeshi ya Uingereza, na jeshi likaundwa upya kama JWTZ Septemba mwaka huo.

Mzawa wa Missenyi

Kuhusu Kagera, naandika kama mtu wa huku. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 na kulivunja daraja la Kyaka, sikumbuki mzee yeyote wa kwetu aliyehoji kama tupigane. Watu walitoa ng'ombe, na malori na mabasi ya watu binafsi yakachukuliwa kubeba askari. Swali lilizuka baada ya adui kurudishwa nyuma: je, tuishie Mutukula, pale mpakani? Katika mkutano wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kule Monrovia, Julai 1979, Sudan na Nigeria zililaumu kuingia Uganda, nao walikuwa na hoja, kwa kuwa ni Nyerere mwenyewe aliyependekeza azimio la Cairo la mwaka 1964 la kuheshimu mipaka. Binafsi naamini kuendelea mbele kulikuwa sahihi, kwa sababu Amin angebaki madarakani asingetuacha tulale.

Hata hivyo, umoja ule ulipungua nguvu madukani. Tuliambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita, na sabuni na sukari zikaendelea kuadimika hadi miaka ya 1980. Katika mfumo wa chama kimoja manung'uniko hayo hayakupata jukwaa bungeni, yakabaki kwenye foleni. Mwalimu, waliokuwa na shaka unaowatafuta ndio hao, na wengi wao walikuwa na watoto mstari wa mbele. Ukitegemea nyaraka za chama peke yake hutawakuta. Watume wanafunzi wako kwa babu na bibi zao wakati wangali hai.